Upande wa Nne wa Tembe ya Mzee Sila

Dodoma Mjini
3 Juni 2024

Bibi Angelina,

Shikamoo. Mimi ni Castory, yule kijana mrefu aliyegonga kichwa kwenye mlango wako Jumamosi, mara mbili. Jirani yako Mwamvua ameniambia simu kwako haifai kwa sababu masikio yamechoka, ila barua unasoma na kuandika kuliko sisi tuliosoma juzi. Amekubali kubeba zangu akirudi kutoka kuuza maziwa, na kuniletea zako asubuhi.

Naomba nirudie kwa maandishi niliyokupigia kelele siku ile. Ile X nyekundu kwenye ukuta wako imewekwa na wapima viwanja. Mji unakuja huko Zuzu, na nyumba zote zenye alama hiyo zitapitiwa na greda mwezi wa tisa. Lakini ipo kamati ya kupitia majengo ya kale. Mimi ni mchoraji wake. Nyumba ikithibitika kuwa na zaidi ya miaka mia moja, ikachorwa yote na historia yake ikaandikwa, kamati inaweza kuomba isiguswe. Mwisho wa kupeleka kazi ni Agosti.

Nimeshapima pande tatu. Kaskazini mita thelathini na nane, kusini vivyo hivyo, magharibi thelathini na moja. Bibi, sijapata kuona kitu kama hiki. Kutoka mbali nilidhani ni kilima kilichokatwa kwa panga. Nyumba moja ndefu inayozunguka uwanja, ng'ombe katikati, lango moja tu, na paa la udongo ambalo mtu anaweza kutembea juu yake. Hii ni ngome!

Nina maswali. Yale matundu madogo chini ya ukuta wa magharibi yalikuwa ya kupitishia mitutu ya bunduki? Kwa nini milango ni mifupi hivyo? Na kwa nini upande wa mashariki umejengwa kwa matofali mabichi, wakati pande nyingine zote ni miti na udongo? Huo sikuupima. Una kufuli, nawe ulisema ufunguo umepotea huku umeushika mkononi.

Wako mtiifu,
Castory


Zuzu
8 Juni 2024

Mjukuu wangu Castory,

Marahaba. Kichwa kimepona? Huo mlango umewainamisha wakubwa kuliko wewe.

Nimecheka kuhusu bunduki mpaka Mwamvua akaja kuniangalia. Matundu yale ni ya mbuzi. Upande wa magharibi ndimo walimolala mbuzi na ndama, na mbuzi bila hewa asubuhi unamkuta ana kikohozi. Andika hivyo kwenye ripoti yako: mitutu ya mbuzi.

Mlango ni mfupi kwa makusudi. Anayeingia anatanguliza shingo. Aliye ndani, hata akiwa mwanamke peke yake na mchi wa kutwangia, anaamua kama shingo hiyo ni ya mgeni au ya mwizi. Nyumba hii aliijenga babu yake baba yangu, jina lake Chilongani, siku ambazo misafara ilipita hapa ikienda Tabora, mamia ya watu wenye kiu. Maji yalikuwa yetu. Waliopita walilipa hongo, yaani ushuru wa njia, wengine kwa nguo, wengine kwa shanga. Wachache walitaka kunywa bila kulipa, na hao ndio waliofanya tukawa na lango moja. Ng'ombe walilala katikati ili mwizi avuke kwanza watu. Baba yangu, Sila, alinieleza haya akiwa juu ya paa anaanika uwele, nami chini namrushia vikapu.

Ukitaka kujua udongo: ni wa kichuguu, umechanganywa na kinyesi cha ng'ombe na kukanyagwa siku mbili. Wanaume hukata miti. Wanawake hukandika. Ndiyo maana ukutani unaona alama za vidole vyembamba.

Upande wa mashariki ni stoo. Andika stoo.

Bibi yako,
Angelina Sila


Dodoma Mjini
15 Juni 2024

Bibi,

Mbukwenyi! Nimefundishwa salamu hiyo ya kwenu na mlinzi wa ofisini kwetu. Kama nimekosea, mlaumu yeye.

Nimeaibika. Ile habari ya mitutu nilishaitangaza kwenye kikao, na nilikuwa nimechora mishale ya risasi. Sasa wenzangu wananiita Kamanda wa Mbuzi. Shauri yangu.

Nilipokuja juzi ulikuwa umekwenda kanisani, nikapanda paani kwa ngazi ya Mwamvua. Pembeni ya kusini kuna kipande kimemeguka. Nikakitazama kwa karibu, nikakuta tabaka juu ya tabaka, kama chapati iliyokunjwa vizuri. Mwamvua akanieleza kwamba kila mwaka kabla ya mvua mnaongeza udongo mpya. Basi nikakaa pale juani na kuanza kuhesabu kwa sindano. Nilifika sitini na nne kabla hayajawa membamba mno. Sikupata pengo hata moja.

Hapo ndipo nilipokwama. Jirani yako Mzee Abeli ameniambia kwamba mwaka sabini na moja, wakati wa operesheni ya kuhamia vijijini, watu wote wa huku walipakiwa kwenye malori. Anasema tembe hii ilikaa bila mtu miaka kumi na miwili. Paa la udongo lisilotunzwa, mvua tatu tu zinaliangusha. Hesabu yangu na ya Mzee Abeli hazikai pamoja. Mmoja wetu amekosea, na kwa heshima yote naona si mimi.

Nani aliongeza udongo miaka hiyo kumi na miwili?

Castory


Zuzu
22 Juni 2024

Castory,

Ni mimi na mama yangu.

Umenifanya nikae na kalamu siku nzima. Hili hajawahi kuniuliza mtu, hata mwanangu Joel. Watu huuliza nani alijenga. Hawaulizi nani alizuia isianguke.

Kijiji tulichopelekwa kilikuwa mwendo wa saa nne kwa miguu. Tulipewa kiwanja chenye namba, tukaambiwa tujenge nyumba zilizopangwa kwa mistari. Sitasema yote yalikuwa mabaya. Kisima kilikuwepo, na darasa la kisomo cha watu wazima ndilo lililonipa mwandiko huu unaousoma. Baadaye nilifundisha mimi. Lakini kurudi makwetu kulikatazwa. Aliyeonekana anarudi aliitwa mpinzani.

Basi kila mwezi wa kumi mimi na mama tuliaga kwamba tunakwenda kutafuta kuni. Tulitoka alfajiri na vikapu viwili. Tukifika, mmoja alichimba kichuguu, mwingine alipanda. Hatukuwasha moto, hatukupika, tulikula ubuyu mkavu. Tulimwaga udongo, tukaushindilia kwa miguu, tukarudi na kuni kidogo kichwani ili tusionekane waongo. Kwa siku moja haimaliziki nyumba kubwa hivyo, kwa hiyo tulikwenda mara nne, mara tano. Mama alisema nyumba ya tembe ina paa tu, kuta ni za kulishikilia. Ukilitunza paa, kilichobaki kitakungoja.

Tulirudi rasmi mwaka themanini na tatu, watu walipoanza kuachiwa wafuate mashamba yao. Pande tatu zilikuwa zimesimama. Wa mashariki ulikwishapotea zamani. Ulipigwa na radi mwaka ule ule wa malori. Marehemu mume wangu Luka akaujenga upya kwa matofali, maana ufundi wa tofali alijifunza kijijini. Hiyo ndiyo historia. Sasa unayo yote.

Nimekutumia ubuyu kwa Mwamvua. Usiwape hao wanaokuita Kamanda.

Angelina Sila


Dodoma Mjini
6 Julai 2024

Bibi mpendwa,

Ubuyu umefika, na sikumpa mtu. Barua yako nimeisoma mara nyingi, na nimechora paa upya. Nimeandika pembeni majina mawili, lako na la mama yako. Naomba unitajie jina lake.

Nilimpigia pia Joel, mwanao, kule Morogoro, kama ulivyoniruhusu kupitia Mwamvua. Ni mcheshi. Alinieleza habari ya radi kama ulivyoieleza, na jinsi baba yake alivyofyatua matofali elfu nne kwa mikono ili kuiokoa nyumba ya wakwe. Alisema, "Baba yangu ndiye aliyeiokoa tembe ile. Hilo ulikoleze wino." Nimelikoleza.

Lakini Bibi, kazi yangu ni kutazama. Nilichimba kidogo kwa nje, upande wa uwanjani, chini ya ukuta wa matofali, kuona msingi. Nikakuta visiki vya nguzo za zamani bado vimo ardhini, vimeungua. Vimeungua chini kuliko juu, na vilivyoungua zaidi ni vya milango mitatu. Radi hupiga mahali pamoja na hutoka juu. Moto huu ulianzia chini, mahali patatu kwa mara moja.

Sitaki kukukera. Ila kamati itamtuma mtu wa kukata vipande vya miti ili umri wake upimwe, naye ataona nilichokiona. Wakikuta jambo moja kwenye ripoti si kweli, watatilia shaka yote, mpaka na miaka mia. Nyumba itakwenda na greda kwa sababu ya sentensi moja.

Moto ule ulikuwa wa nini?

Castory


Zuzu
9 Julai 2024

Bwana Castory,

Nilikukaribisha upime. Sikukukaribisha uchimbe.

Nimesema radi. Mtu aliyekula ubuyu wangu ananiambia mimi mwongo! Usije tena, na Mwamvua nimemwambia asipokee barua yako.

A. Sila


Dodoma Mjini
20 Julai 2024

Bibi Angelina,

Shikamoo. Mwamvua alikataa barua hii mara mbili. Leo ameipokea kwa sababu, kwa maneno yake, nimekonda.

Nisamehe. Nilichimba kwenye nyumba ya mtu bila kuomba. Nyumbani kwetu Muleba ningechapwa hata na umri huu. Nitaandika stoo, nitaandika radi, na sitauliza tena. Litakalotokea kwenye kamati nitalibeba mimi.

Lakini nataka ujue kwa nini nauliza hivi, usije ukadhani ni udaku. Bibi yangu mzaa baba aliishi kwenye msonge, nyumba ya duara ya kwetu, nyasi kutoka kileleni hadi ardhini. Nilizaliwa humo. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, najifunza kuchora majengo ya Wagiriki, baba na ndugu zake walipoibomoa wajenge ya bati. Niliporudi likizo nilikuta majivu na ndizi zimepandwa pale. Sikuwahi kuipima. Nimewauliza wote ilikuwa na nguzo ngapi, na kila mtu ana idadi yake. Bibi mwenyewe alikwishafariki. Nilizaliwa ndani ya nyumba nisiyoweza kuichora, na jambo hilo linaniuma kila ninaposhika penseli.

Greda limeshafika kwa majirani zako wa upande wa reli, mapema kuliko tulivyoambiwa. Nililiona jana. Nilitaka kukwambia mwenyewe kabla hujaambiwa na wengine.

Castory


Zuzu
28 Julai 2024

Mjukuu wangu,

Mama yangu aliitwa Hana. Andika hapo kwenye paa.

Nimelihisi greda. Masikio yamekufa lakini miguu inasikia, na vyombo vilitetemeka kabatini. Nikakaa nikawaza kuhusu majivu yenu na ndizi zile. Basi nakuandikia mara moja, usiniulize mara mbili.

Luka alikuja kwetu akiwa hana ng'ombe wa mahari. Baba yangu alimpenda kwa kazi, akamwambia akae, achunge, amwoe binti. Alikaa nasi kama mtoto wa nyumba. Alikuwa na sauti nzuri na hakuogopa watu, na operesheni ilipokuja wakamfanya mkubwa wa mgambo wa eneo letu. Watu hawakutaka kuhama. Walijificha, walirudi, waliomba wangoje mavuno. Ndipo ikaja amri kwamba nyumba zichomwe ili pasiwe na pa kurudi. Na kiongozi aanze na yake, wengine waone.

Yake ilikuwa hii.

Alianza na upande wa mashariki, milango mitatu, kama ulivyosoma kwenye visiki. Mimi nilikuwa juu ya lori na Joel mgongoni, hajatimiza mwaka. Nilimwona kwa macho yangu. Baba alikuwa amesimama karibu na lango. Pande nyingine hazikushika, udongo wa paa uliporomoka ukauzima moto wenyewe. Wenzake wakasema inatosha, moshi umeonekana. Usiku huo huo baba aliugua, na kabla ya mwaka kwisha tukamzika kijijini, kwenye kiwanja chenye namba.

Upande wa mashariki ndiko ilikokuwa nguzo ya kwanza. Labda Mzee Abeli amekwambia kuhusu desturi ya ukoo wetu, labda hakukwambia. Mtu wa kwetu akihama, hang'oi kitu kingine ila nguzo moja ya mpingo, ile iliyosimikwa kabla ya zote. Anakwenda nayo, na nyumba mpya inaanzia hapo. Chilongani alikuja nayo kutoka pande za Bahi. Kila alipozaliwa mtoto wa kwanza wa nyumba, mwenye nyumba alichonga mkato mmoja kwenye nguzo hiyo. Wangu ulikuwa wa sita. Wa saba ni wa Joel, baba aliuchonga huku akiimba. Baada ya miezi kumi ikateketea na mambo yake yote. Luka aliichoma.

Sikumwacha. Ningekwenda wapi? Na ukweli mwingine huu nao uandike: miaka kumi na miwili mimi na mama tulipokwenda kumwaga udongo, alijua. Mkubwa wa mgambo angekosaje kujua? Hakutusema kwa mtu. Mara moja tulikuta vichuguu vimekwisha kuchimbwa na udongo umerundikwa pembeni ya ukuta, tayari kwa kupandishwa. Mama akasema ni malaika. Mimi nilijua malaika huyo anavaa viatu namba ngapi.

Tuliporudi alifyatua matofali mwaka mzima, akajenga upande ule peke yake. Akakataa msaada. Alipomaliza akaja jikoni akaniambia, "Mama Joel, ingia uone." Nikamjibu, "Nimeshaona." Hakurudia. Kuanzia hapo alilala upande wa matofali na mimi upande wa jikoni, miaka ishirini na sita, mpaka alipofariki. Majirani walidhani ni kwa sababu ya kukoroma kwake. Kweli alikoroma. Hatukupata mtoto mwingine. Wakati wa msiba Joel ndiye aliyeingia kumtoa. Mimi nilifunga kufuli.

Radi niliitunga kwa ajili ya Joel. Mtoto anahitaji baba wa kumtaja mbele za watu. Ukaja kuwa uongo wa nyumba nzima, na mimi mwenyewe siku nyingine nauamini.

Sasa chagua wewe uandike nini. Nimechoka kuulinda.

Angelina


Dodoma Mjini
24 Agosti 2024

Bibi yangu,

Niliandika yote. Nililia kidogo nikiandika, sioni haya kukwambia.

Nakuletea majibu ya kamati, na nimejaribu mara tatu kuyaweka vizuri. Kwanza mazuri. Miti ya pande tatu imepimwa, ina zaidi ya miaka mia na ishirini. Walikisoma kisa cha udongo wa paa, mwenyekiti akauliza kama Bibi Hana ana picha. Wamekubali tembe ihifadhiwe.

Sasa baya. Wamekubali pande tatu. Upande wa mashariki wanasema ni wa juzi, matofali hayalingani na asili yake, na unaharibu sura ya ngome. Wanataka ubomolewe, pajengwe ukuta wa miti na udongo ufanane na zamani. Nilipinga mpaka nikaambiwa nikae chini. Fomu ya ridhaa nimeiambatanisha. Mwenye nyumba anatakiwa kutia sahihi ifike kwao kabla ya Ijumaa tarehe 30. Bila sahihi jalada linafungwa, na X inabaki.

Bibi, tia sahihi. Najua hupendi kuambiwa. Lakini pande tatu ni bora kuliko ndizi. Na kwa uliyonieleza, huenda upande ule ukiondoka utapumua.

Jambo moja tu halijanitoka kichwani, nalieleza kwa sababu siwezi kunyamaza. Nimechora ncha za boriti zinazotokeza nje ya ukuta wa matofali. Zote zinatoka ukuta hadi ukuta, na matofali mazito kama yale yanazibeba bila shida. Lakini boriti kubwa ya katikati imekaa juu kidogo kuliko wenzake, kama kitu kilicho chini yake kimeisukuma. Lazima ndani kuna nguzo. Fundi mzuri kama Mzee Luka angeweka nguzo ya nini mahali ambapo haihitajiki?

Castory


Zuzu
29 Agosti 2024

Mjukuu wangu Castory,

Barua hii Mwamvua anakuletea leo leo, kwa pikipiki, kabla ya maziwa ya jioni.

Nimeingia.

Niliisoma ile sehemu ya boriti jioni, nikasema upuuzi wa wachoraji. Asubuhi nikajikuta nimesimama mbele ya kufuli. Limeota kutu, nikalipiga kwa jiwe. Mlango ule Luka aliufanya mrefu. Niliingia bila kuinama, nikiwa na tepu uliyoisahau kwa Mwamvua, maana nilijiambia naingia kupima tu. Urefu mita thelathini na moja kasoro. Upana mita tatu na nusu. Ukuta ni unene wa mkono wangu, kiwiko hadi ncha ya kidole. Andika.

Katikati ya chumba kikubwa kuna nguzo ya mpingo. Ukifungua mlango unaikuta imekutazama, na upande unaokutazama ni mkaa mtupu, umeungua kuanzia chini mpaka kifuani pangu. Aliisimamisha hivyo makusudi. Angeweza kuugeuza upande mbaya ukutani, mwenye macho asijue. Nikasimama pale nikitukana. Nilidhani ameweka mti wowote ulioungua ili anikumbushe.

Halafu nikazunguka nyuma yake.

Mikato ipo, Castory. Miwili ya kwanza imeliwa na moto. Mitano imebaki. Nimeweka kidole kwenye wa sita na nikaujua kabla sijauona, maana utotoni nilikuwa nautia kidole kila siku nikingoja uji. Na wa saba wa Joel uko pale, mbichi kama jana. Hakuchonga mwingine. Hakuongeza kitu.

Aliing'oa kwenye moto ule ule alioutia. Wakati malori yanaondoka na mimi nikiwa nimegeuza uso, yeye alirudi ndani. Sasa najua kovu lile la mikono aliloniambia ni la tanuri la kijijini. Na miaka kumi na miwili sijui aliificha wapi, nami sina wa kumwuliza. Aliniambia niingie nione. Mara moja. Mimi nikaona nimeshaona.

Nimekaa chini ya nguzo hiyo mpaka jua lilipofika mlangoni. Nimelia kwa sauti, sikujisikia, ila mbwa wa Abeli walikuja kutazama. Nimemlilia Luka leo. Siku ya msiba sikumlilia.

Nilimwomba Mwamvua ampigie Joel. Nikakishika kile kisimu nikamweleza yote, malori, milango mitatu, babu yake, nguzo. Sikusikia alichojibu. Mwamvua alisikiliza, akaniambia ameuliza kama anaweza kuja Jumamosi na mkewe. Sijui amekasirika na nani. Acha aje.

Fomu yako nairudisha bila sahihi. Waambie wazee wa kamati hivi. Upande wanaouita wa juzi ndio wenye mti wa zamani kuliko yote, wa zamani kuliko hata nyumba yenyewe. Waje na msumeno wao mdogo wakate kipande wakapime. Nitawashikia taa. Na ukuta wa miti uliofanana na zamani nisijengewe. Nyumba hii iliwahi kuchomwa, na aliyeichoma akaijenga kwa mikono ile ile. Wakiitoa habari hiyo, watabaki na zizi zuri la mbuzi.

Kwenye ripoti, mahali pa kuandika aliyeiharibu, andika Luka. Mahali pa kuandika aliyeijenga upya, andika Luka. Usiache mojawapo.

Na kama wakifunga jalada, basi greda lije. Dereva mwambie asipige honi, siisikii. Aje mpaka mlango wa mashariki atanikuta. Nimeshahamishia kitanda changu huko.

Angelina, mke wa Luka